Kipimo cha Damu na Ugonjwa wa Seliaki: Kinachoonyesha na Kisichoonyesha

MALENGO YA MADA

Ukimaliza kusoma mada hii, uweze:
(a) kueleza jinsi gluteni inavyosababisha kinga ya mwili kushambulia utumbo mwembamba;
(b) kueleza kipimo cha damu kinatafuta nini na kinafanyaje kazi maabara;
(c) kukokotoa unyeti, umahususi na thamani ya jibu chanya;
(d) kutaja hali ambazo kipimo hutoa jibu lisilo la kweli, na kueleza sababu zake.

UTANGULIZI

Mtahiniwa, umekwisha kusoma usagaji wa chakula, na umekwisha kusoma kinga ya mwili. Wanafunzi wengi huzisoma mada hizi kila moja peke yake, kisha hukwama swali moja linapoziuliza zote mbili. Ugonjwa wa seliaki ni mfano mzuri wa swali la aina hiyo, kwa sababu unaanzia kwenye chakula, unapitia kwenye kinga, na unaishia kwenye ufyonzaji wa virutubisho.

Soma kwanza kisa hiki cha kufikirika. Tutakirudia mwishoni.

Msichana wa miaka 16, wa familia iliyotoka Afrika Mashariki na kuhamia Uingereza, amekuwa mchovu kwa mwaka mzima. Tumbo hujaa gesi, choo ni cha kuharisha mara kwa mara, na damu yake ni pungufu. Amepewa vidonge vya madini ya chuma mara tatu, lakini damu haipandi. Shangazi yake anamshauri aache chapati, mkate na maandazi. Anaacha kabisa, na baada ya miezi mitatu ana nafuu kubwa. Ndipo anapopelekwa kupimwa damu kwa ajili ya seliaki. Jibu linatoka hasi. Familia inafurahi na kusema, "Basi hana." Chapati zinarudi mezani, na baada ya muda ugonjwa nao unarudi.

Jiulize: je, maabara ilikosea?

1. UGONJWA WA SELIAKI NI NINI?

Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe baada ya kula gluteni. Gluteni ni kundi la protini zilizomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo, viazi na ndizi havina gluteni hiyo.

Kumbuka muundo wa utumbo mwembamba. Ukuta wake wa ndani una vijidole vidogo sana vinavyoongeza eneo la ufyonzaji. Kwa mgonjwa wa seliaki anayeendelea kula gluteni, vijidole hivyo hufupika na hatimaye ukuta huwa bapa. Eneo la ufyonzaji linapungua, na hapo dalili zote zinaeleweka:

- Madini ya chuma hayafyonzwi vizuri, hivyo mtu hupata upungufu wa damu usiosikia vidonge.
- Kalisi na vitamini D hazifyonzwi vizuri, hivyo mifupa hudhoofika.
- Mafuta na sukari hubaki ndani ya utumbo, hivyo mtu huharisha na tumbo hujaa gesi.
- Mtoto hakui inavyotakiwa kwa kimo na uzito.

Angalizo: Wapo wagonjwa wasioharisha kabisa. Dalili yao pekee inaweza kuwa upungufu wa damu au uchovu. Usiandike kwenye mtihani kwamba kila mgonjwa wa seliaki huharisha.

Historia kwa ufupi. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliuelezea ugonjwa huu kwa watoto na akasema kwamba tiba, kama ipo, itatokana na chakula, ingawa hakujua ni chakula gani. Jibu lilitoka Uholanzi. Daktari wa watoto Willem Karel Dicke alikuwa amekwisha kuushuku mkate wa ngano. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, Waholanzi walipata njaa kali na mkate ukaadimika. Watoto wenye seliaki, badala ya kuzidiwa, walipata nafuu. Mkate uliporudi, walizidiwa tena. Dicke alifanya majaribio ya vyakula na mwaka 1950 akawasilisha tasnifu yake kuhusu jambo hilo.

2. KINGA INAKOSEAJE?

Panga jibu lako kwa hatua hizi:

Hatua ya 1. Gluteni haisagwi yote. Vipande vyake virefu hubaki na kupenya kwenye ukuta wa utumbo.

Hatua ya 2. Kimeng'enya cha mwili kiitwacho transiglutaminesi ya tishu, kwa kifupi tTG, hubadilisha kidogo kemia ya vipande hivyo.

Hatua ya 3. Vipande vilivyobadilishwa hushikamana kwa nguvu na protini za juu ya seli za kinga ziitwazo HLA-DQ2 au HLA-DQ8. Protini hizi hurithiwa. Asiyekuwa na hata moja kati ya hizo ni nadra sana kupata seliaki.

Hatua ya 4. Seli nyeupe za aina ya T huviona vipande hivyo kama adui na kuanzisha mashambulizi yanayoharibu vijidole vya utumbo.

Hatua ya 5. Seli nyeupe za aina ya B hutengeneza kingamwili. Baadhi huelekezwa kwa gluteni, na nyingine, kwa makosa, huelekezwa kwa kimeng'enya tTG, ambacho ni mali ya mwili wenyewe.

Hatua ya 5 ndiyo msingi wa kipimo cha damu. Mwaka 1997 watafiti nchini Ujerumani waligundua kwamba tTG ndiyo inayolengwa na kingamwili hizo. Tangu hapo ikawa rahisi kutengeneza kipimo chake.

3. KIPIMO CHA DAMU KINATAFUTA NINI?

Hapa ndipo wengi hupoteza alama. Kipimo cha damu hakitafuti gluteni kwenye damu. Wala hakioni utumbo. Kinatafuta kingamwili zilizotengenezwa kwa sababu ya ugonjwa. Ni sawa na kuona moshi nyuma ya kilima: unaamini kuna moto, lakini moto wenyewe hujauona.

Vipimo vikuu ni hivi:

(i) tTG-IgA. Hutafuta kingamwili za aina ya IgA zinazolenga tTG. Ndicho kipimo cha kwanza katika miongozo mingi.

(ii) Jumla ya IgA. Hupima kama mwili wa mtu unatengeneza IgA ya kutosha.

(iii) EMA. Hutafuta kingamwili zinazoshika utando unaozunguka nyuzi za misuli laini. Ina umahususi mkubwa sana, lakini husomwa kwa jicho kupitia hadubini, hivyo huhitaji mtaalamu mzoefu.

(iv) Vipimo vya IgG. Hutumika hasa kwa watu wasiotengeneza IgA.

Kipimo cha jeni za HLA nacho huweza kufanywa kwa damu, lakini kazi yake ni tofauti. Katika nchi nyingi za Ulaya, takribani watu 30 hadi 40 kati ya 100 wana jeni hizo, na walio wengi hawaugui kamwe. Kwa hiyo kuwa na jeni hakuthibitishi ugonjwa. Kutokuwa nazo ndiko kunakosaidia, kwa sababu karibu kunauondoa ugonjwa kwenye orodha.

Jinsi maabara inavyopima tTG-IgA

1. Sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo hupakwa kimeng'enya tTG.
2. Majimaji ya damu ya mgonjwa, yaani seramu, hutiwa ndani. Kama ina kingamwili za tTG, zinashikamana na kimeng'enya hicho.
3. Vishimo huoshwa. Kingamwili zisizohusika huondoka na maji.
4. Hutiwa kingamwili ya pili iliyotengenezwa maabara. Hii hushika IgA ya binadamu, na imefungiwa kimeng'enya cha kutoa rangi.
5. Vishimo huoshwa tena, kisha hutiwa kemikali. Rangi ikikolea, maana yake kingamwili ni nyingi.

Itazame vizuri hatua ya 4. Kama mgonjwa hana IgA kabisa, kingamwili ya pili haina cha kushika. Rangi haitokei, na jibu linaandikwa hasi hata kama utumbo umeharibika. Ndiyo maana jumla ya IgA hupimwa sambamba.

4. KIPIMO KINA UWEZO GANI? (MFANO WA HESABU)

Jifunze maana tatu:

- Unyeti: kati ya wagonjwa wote, ni asilimia ngapi kipimo kinawanasa?
- Umahususi: kati ya wasio wagonjwa, ni asilimia ngapi kipimo kinawaambia kwa haki kwamba hawana?
- Thamani ya jibu chanya: kati ya waliopata jibu chanya, ni asilimia ngapi ni wagonjwa kweli?

Mfano. Chukulia kipimo chenye unyeti wa 95% na umahususi wa 95%. Katika nchi nyingi za Ulaya takribani mtu 1 kati ya 100 ana seliaki. Watu 10,000 wakipimwa, nini kitatokea?

Wagonjwa: 1% × 10,000 = 100
Wasio wagonjwa: 10,000 − 100 = 9,900
Wagonjwa walionaswa: 95% × 100 = 95
Wagonjwa waliokosekana: 100 − 95 = 5
Wasio wagonjwa waliopewa chanya: 5% × 9,900 = 495
Jumla ya majibu chanya: 95 + 495 = 590
Thamani ya jibu chanya: 95 ÷ 590 × 100 = 16.1%

Tazama tena jibu hilo. Kipimo ni kizuri, lakini kati ya watu 590 waliopata chanya, 95 tu ndio wagonjwa. Sababu ni kwamba wasio wagonjwa ni wengi mno, na asilimia 5 ya wengi ni watu wengi.

Sasa badilisha kundi. Wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wako katika hatari kubwa zaidi. Tuchukulie 10% yao wana seliaki. Watu 10,000 wa kundi hili wakipimwa:

Wagonjwa: 1,000. Walionaswa: 950. Waliokosekana: 50.
Wasio wagonjwa: 9,000. Waliopewa chanya: 450.
Jumla ya majibu chanya: 950 + 450 = 1,400
Thamani ya jibu chanya: 950 ÷ 1,400 × 100 = 67.9%

Kipimo ni kilekile, lakini thamani ya jibu imepanda kutoka 16.1% hadi 67.9%. Funzo lake ni hili: maana ya jibu chanya hutegemea pia nani amepimwa. Ndiyo maana madaktari huanza na watu wenye dalili na watu wa makundi ya hatari: ndugu wa karibu wa mgonjwa, wenye kisukari cha aina ya kwanza, wenye magonjwa ya tezi ya thairoidi yanayotokana na kinga kujishambulia, na wenye upungufu wa damu usioelezeka.

Jibu hasi nalo lina nguvu yake. Katika kundi la kwanza, waliopata hasi ni 5 + 9,405 = 9,410, na wagonjwa kati yao ni 5 tu. Kwa hiyo mtu asiye na dalili aliyepata hasi, kama alikuwa anakula ngano na IgA yake ni ya kutosha, ana sababu nzuri ya kutulia.

Usidhani seliaki ni ugonjwa wa Ulaya pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 miongoni mwa watoto wa Wasahrawi, kaskazini-magharibi mwa Afrika, ulikuta takribani 5.6% wana seliaki, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya.

5. LINI KIPIMO HUTOA JIBU LISILO LA KWELI?

Jibu hasi lisilo la kweli hutokea:

(a) Mtu alipoacha gluteni kabla ya kupimwa. Bila gluteni, kinga inapunguza kutengeneza kingamwili, na kiwango chake kwenye damu hushuka kadiri wiki na miezi inavyopita. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza unataka mtu ale chakula chenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa.
(b) Mtu asipotengeneza IgA. Hali hii ni nadra kwa watu wote kwa ujumla, lakini kwa wagonjwa wa seliaki hufikia takribani 2 hadi 3 kati ya 100.
(c) Mtu anapotumia dawa za kupunguza nguvu za kinga.
(d) Uharibifu wa utumbo unapokuwa bado mdogo.

Jibu chanya lisilo la kweli huweza kutokea kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, ugonjwa wa ini, au maambukizi. Mara nyingi katika hali hizi kiwango huwa juu kidogo tu ya mpaka wa kawaida.

6. BAADA YA JIBU CHANYA

Kwa mtu mzima, jibu chanya kwa kawaida hufuatwa na biopsi. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, kisha huchukua vipande vidogo kadhaa vya ukuta. Vipande huchukuliwa sehemu zaidi ya moja kwa sababu uharibifu huweza kuwa wa madoadoa. Mtaalamu huvitazama kwa hadubini kuona kama vijidole vimefupika.

Kwa watoto, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu kutofanya biopsi iwapo tTG-IgA imezidi mara 10 ya mpaka wa juu wa kawaida, na EMA ni chanya katika sampuli ya pili ya damu. Uamuzi hufanywa na daktari bingwa pamoja na familia.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu tiba pekee inayotegemewa ni kuacha gluteni maisha yote. Viwango vya kimataifa vinataka chakula kinachouzwa kama kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Ulezi uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano unaweza kuvuka mpaka huo. Haifai kumpa mtu masharti hayo kwa maisha yake yote kwa kubahatisha, wala haifai kumnyima tiba anayeihitaji.

Baada ya tiba kuanza, kipimo cha damu hurudiwa kwa vipindi. Kiwango kikishuka, ni dalili kwamba mgonjwa anafuata masharti. Lakini damu huweza kurudi kawaida kabla utumbo haujapona kikamilifu, hasa kwa watu wazima.

TURUDI KWENYE KISA

Je, maabara ilikosea? Hapana. Maabara ilisema kweli: siku ile kingamwili hazikuwa nyingi. Kosa lilikuwa la mpangilio. Msichana aliacha ngano miezi mitatu kabla ya kupimwa, hivyo kilichotafutwa kilikuwa kimekwisha kupungua. Familia ilipaswa kuambiwa kwamba jibu lile halikuondoa ugonjwa. Sasa anakula ngano tena na dalili zimerudi. Akiendelea kuila kwa wiki zinazotakiwa chini ya uangalizi wa daktari, kisha apimwe tTG-IgA pamoja na jumla ya IgA, jibu litakuwa na maana. Shangazi alimtakia mema, na alichokiona kilikuwa kweli. Kilichokosekana ni kupima kwanza, kuacha baadaye.

MAKOSA YA KUEPUKA KWENYE MTIHANI

- Kuandika kwamba seliaki ni aleji ya ngano. Aleji huhusisha kingamwili za IgE na huweza kumdhuru mtu ndani ya dakika chache. Seliaki ni kinga kujishambulia, na uharibifu wake ni wa polepole.
- Kuandika kwamba seliaki huambukiza. Haiambukizi.
- Kuchanganya unyeti na thamani ya jibu chanya. Unyeti unaanza na wagonjwa. Thamani ya jibu chanya inaanza na waliopata chanya.
- Kutoa jibu la hesabu bila kuonyesha njia. Njia nayo ina alama.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kipimo cha tTG-IgA hutafuta: (A) gluteni kwenye damu (B) kingamwili (C) jeni (D) vijidole vya utumbo. (Alama 1)

2. Eleza kwa nini mgonjwa wa seliaki huweza kupata upungufu wa damu ingawa anakula chakula chenye madini ya chuma. (Alama 3)

3. Mtu hatengenezi IgA. Eleza, ukirejelea hatua za maabara, kwa nini tTG-IgA yake itakuwa hasi hata akiwa na seliaki. (Alama 4)

4. Katika kundi la watu 2,000, watu 40 wana seliaki. Kipimo kina unyeti wa 90% na umahususi wa 95%. Kokotoa (a) wagonjwa walionaswa, (b) majibu chanya yasiyo ya kweli, (c) thamani ya jibu chanya. (Alama 6)

5. "Mwenye jeni ya HLA-DQ2 ana seliaki." Jadili usemi huu. (Alama 4)

MWONGOZO WA MAJIBU

1. B.

2. Vijidole vya utumbo hufupika (1). Eneo la ufyonzaji hupungua (1). Madini ya chuma hayaingii kwenye damu vya kutosha kutengeneza himoglobini (1).

3. Kingamwili ya pili imetengenezwa kushika IgA (1). Mgonjwa hana IgA ya kushikamana na tTG kwenye kishimo (1). Baada ya kuosha, kingamwili ya pili huondoka na kimeng'enya chake (1). Rangi haitokei, jibu husomwa hasi (1).

4. (a) 90% × 40 = 36. (b) Wasio wagonjwa ni 1,960; 5% × 1,960 = 98. (c) 36 ÷ (36 + 98) × 100 = 36 ÷ 134 × 100 = 26.9%.

5. Usemi si sahihi (1). Jeni ni ya lazima kwa karibu wagonjwa wote, lakini haitoshi peke yake (1). Watu wengi wanayo na hawaugui (1). Kipimo cha jeni hufaa zaidi kuondoa shaka pale ambapo DQ2 na DQ8 zote hazipo (1).

Ukikosa swali la 4, rudi sehemu ya 4 ufanye mfano upya kwa mkono wako, kitabu kikiwa kimefungwa, kabla hujaenda mada inayofuata.